Watu wa Mtambwe: mchele wa Ramadhani

Jumatano, 14 Februari 2024

[06:48] Zuhura: Assalaam alaykum watu wa Mtambwe, mumeamkaje. Shaabani ishaingia. Tukijaaliwa uhai, mwezi ujao siku kama ya leo tushafunga. Jana nilishuka Darajani hapa Unguja, polo la mchele wa mapembe limepanda tena, na wenye maduka wanasema halijasimama. Nataka tununue kwa jumla kama mwaka juzi, tugawane. Kila nyumba laki na ishirini: nusu polo la mchele, sukari kilo kumi, unga wa ngano kilo kumi, mafuta lita tano. Mwisho wa kutuma Jumapili.

[06:49] Zuhura: Aliyemo aandike jina.

[07:31] Zuhura: Mushasoma watu kumi na moja, hakuna hata aliyeitikia salamu.

[07:52] Raya: Waalaykum salaam shangazi. Bibi anakusalimia sana. Anauliza mapembe yenyewe yanachambuka au ndo yale ya kunatana kama ubwabwa wa mgonjwa?

[07:54] Zuhura: Mwambie yanachambuka. Nimetia mkono ndani ya polo mpaka kiwiko, chini na juu mchele mmoja, hauna chenga wala vumbi. Punje nimezitafuna palepale dukani, kavu, zinavunjika vizuri.

[07:58] Raya: Anasema sawa, yumo. Pesa atatoa baba.

[08:20] Hamad: Waalaykum salaam. Da Zuhura, si tungesubiri? Ramadhani ikikaribia hutangazwa bei elekezi.

[08:22] Zuhura: Bei elekezi ikitangazwa, mchele unaingia stoo. Hamad mwanangu, hilo hulijui? Unalikuta duka lina sabuni na viberiti.

[09:10] Faki: Da Zuhura, namba ni ya siku zote, au "ile pesa itume kwenye namba hii"?

[09:10] Mwanaisha: 😂😂😂

[09:11] Zuhura: Namba yangu ileile munayoijua. Ikikujieni meseji ya namba nyengine si mimi, musitume. Na kabla ya kubonyeza hakikisheni jina langu limetokea.

[09:13] Faki: Juzi mimi nimetumiwa na "babu mganga wa nyota". Nikamjibu babu nitumie wewe nauli nije.

[09:14] Hamad: 🤣 Akakujibu nini?

[09:15] Faki: Kanitukana.

[09:26] Raya: Shangazi, bibi anauliza kwa hiyo pesa asitume kwako tena?

[09:27] Zuhura: Faki, unaona ulilolifanya? Raya, mwambie bibi atume kwangu, namba ileile. Au ampe baba yako.

[10:05] Mwanaisha: Huku Temeke sukari imekuwa mtihani. Duka la chini kwetu mteja mmoja kilo moja, na uwe unajulikana. Mvua hizi za El Nino zimejaza maji mashamba ya miwa, viwanda havivuni. Mimi namchangia mama, nyumba yake imo. Ila sukari nunueni mapema, wallahi.

[10:11] Hamad: Ya huko haituhusu sana, sisi tunakula ya nje.

[10:40] Salim: Assalaam alaykum. Inatuhusu, Hamad. India imezuia sukari yake kutoka tangu mwaka jana. Sasa bara nao wameruhusiwa kuagiza ya nje, kwa hiyo wanunuzi wa meli ileile wameongezeka. Atakayeuziwa mwanzo ni mwenye mzigo mkubwa, si sisi.

[10:43] Zuhura: Salim umekuja wakati wake. Mwenye duka kaniapia kuwa mchele umepanda kwa sababu ya vita vya Bahari ya Shamu. Kweli?

[11:02] Salim: Nusu kweli. Mchele wa Pakistani unapakiwa Karachi unashuka moja kwa moja bahari yetu, Bahari ya Shamu hauioni. Mchele uliupandisha India, Julai mwaka jana, walipozuia mchele mweupe usiokuwa basmati usitoke nje. Dunia nzima ikakimbilia Pakistani, Thailand na Vietnam, hao nao wakapandisha. Inayopita Bahari ya Shamu ni ngano ya Urusi na Ukraine na vitu vya Ulaya. Huko meli nyingi kubwa sasa hazipiti Suez, zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, siku kumi zaidi baharini na pengine zaidi. Meli zikikaa sana baharini, makontena yanakuwa adimu, na nauli inapanda hata kwenye njia zisizo na vita. Hapa ofisini Maskati tunayaona kila siku. Kwa hiyo ukiambiwa unga utapanda, amini. Ukiambiwa mchele umepanda wiki hii kwa ajili ya kombora, muulize huo mchele kauingiza lini.

[11:04] Zuhura: Allah akuhifadhi. Nitamuuliza leo leo.

[11:06] Faki: Meli zinazungushwa kama Simba alivyozungushwa na Mlandege.

[11:06] Hamad: Faki, tunazungumza chakula.

[11:07] Faki: Moja bila, pale Amaan, fainali ya Mapinduzi. Mwalimu Hamad alikuja na boti kutoka Pemba, jezi mpya, akarudi kajifunika koti 😭

[11:08] Mwanaisha: 🤣🤣 Lile koti nimeliona kwenye picha, na joto la Januari lile

[11:09] Hamad: Kombe la pili mfululizo kwao, nimekubali, tuliwapongeza. Na wewe Yanga yako ilifika fainali?

[11:09] Faki: Yakhe, Yanga tulikwenda kupunga upepo.

[11:15] Zuhura: Faki, jina lako limo au halimo?

[11:50] Zuhura: Faki?

[13:22] Zuhura: Nimerudi Darajani. Nimemuuliza kama alivyosema Salim, huu mchele kauingiza lini. Kaniangalia, kacheka, kapunguza elfu tatu kwa kila polo tukichukua mapolo sita. Ananiwekea mpaka Jumatatu. Nimemwangalia anaandika kwenye daftari lake, "Bi Zuhura, 6". Sasa musinitie aibu. Waliomo ni Bi Mkubwa (bibi yake Raya), mama yake Mwanaisha, na nani tena?

[13:40] Salim: Mimi nachangia nyumba mbili, kwa mama na kwa Bi Time. Jioni natuma.

[13:41] Zuhura: Jazakallahu kheri.

[14:05] Hamad: Nimo. Nusu leo, nusu mshahara ukitoka. Na nina rai: kwa kuwa tunanunua jumla, kwa nini tusichukue na kuku na nyama tukahifadhi? Si kuna friza.

[14:09] Mwanaisha: Hamad umeanza.

[14:10] Hamad: Nimeanza nini? Nimeuliza tu.

[14:12] Zuhura: Friza gani, Hamad? Mimi sijui habari ya friza.

[14:13] Faki: 👀

[14:15] Zuhura: Wewe tulikutafuta tangu saa tano.

[15:37] Kombo: Nimesoma kuanzia asubuhi, nimenyamaza. Friza lipo kwangu Wete, sijakimbia nalo. Umeme wa tukuza, huu wa kulipia kabla, natia mimi peke yangu tangu lilipoingia ndani. Nani humu aliwahi kuniletea hata elfu tano ya umeme?

[15:39] Zuhura: Umeme wa nani, Kombo? Wa hizo barafu unazowauzia watoto wa skuli?

[15:40] Kombo: Hizo barafu ndizo zinazolipa umeme. Mungetaka libaki tupu limezimwa, liote kutu?

[15:41] Mwanaisha: Tulichanga nyumba kumi na moja, kaka Kombo. Lilikuwa la shughuli, si la duka.

[15:42] Kombo: Na siku ya hitma nyama ilikaa wapi? Iliozea wapi? Haikuoza. Hilo hamulisemi.

[15:43] Zuhura: Na siku ya pili yake?

[15:43] Kombo: Ujumbe huu umefutwa

[15:44] Raya: Jamani, bibi anasoma pamoja na mimi.

[15:46] Salim: Nusu ya friza lile nilitoa mimi na sijamdai mtu. Tumalize mchele kwanza.

[15:50] Mwanaisha: Na mgao huu wa umeme, nyama ya nini? Huku kwetu jana saa tisa hakuna umeme. Wanasema mashine za bwawa la Rufiji zitawashwa karibuni. Mimi samaki wangu nimewakaanga wote usiku.

[15:52] Faki: Tungekuwa jirani, ningekusaidia kuwahifadhi.

[16:58] Ami Shaame: ASSALAAM ALAYKUM. NIMESOMEWA YOTE. SISI TULIKAA PEMBA TUKITEGEMEA MASHINE ZA WESHA MPAKA WAYA WA TANGA ULIPOFIKA 2010. NYAMA ILILIWA SIKU ILIYOCHINJWA NA JIRANI ALIPATA.

[17:04] Ami Shaame: NYUMBA YA TIME HAICHANGI NA HAICHANGIWI NA SALIM. MCHELE WAKE UTOKE KWENYE MZIGO KABLA HAUJAGAWIWA, SOTE TUMEMPA. MAREHEMU ALIWABEBA WENGI HUMU WALIPOKUWA HAWANA KITU NA KILA MTU ANAJIJUA.

[17:06] Ami Shaame: HABARI YA FRIZA ISIANDIKWE TENA HAPA. KARATASI YA MCHANGO ULE NINAYO MIMI, NA MAJINA YA WALIOTOA NA WASIOTOA. ZUHURA UKIJA PEMBA NJOO KWANGU. KOMBO NA WEWE.

[17:07] Zuhura: Labeka ami. Nimesikia.

[17:09] Hamad: Tumesikia ami.

[17:15] Salim: Tumesikia ami. Allah akupe afya.

[17:31] Mwanaisha: 🙏

[18:20] Kombo: Sawa ami.

[20:44] Bi Time: Assalaam alaykum. Ami, ahsante, Mwenyezi Mungu akulipe, na nyote. Lakini na mimi naomba nitoe changu. Mwani wangu upo juani siku ya tatu leo, umeshaanza kuwa mwepesi, mnunuzi anapita Jumamosi. Nitaleta elfu thelathini. Sitaki wanangu wale mchele ambao mama yao hakutia mkono.

[20:50] Zuhura: Bi Time, ami keshasema.

[20:53] Bi Time: Nimemsikia, da Zuhura. Elfu thelathini nitaileta.

[21:15] Raya: Bibi anasema Bi Time aachiwe.

Alkhamisi, 15 Februari 2024

[06:30] Zuhura: Assalaam alaykum. Hadi sasa: Bi Mkubwa tayari, mama yake Mwanaisha tayari, Salim ametuma za nyumba mbili na moja sijui niirejeshe au niiweke kwenye usafiri. Hamad nusu. Bi Time nangoja ami aseme. Mapolo sita ni nyumba kumi na mbili, nami ninazo nne na nusu.

[06:33] Zuhura: Na usafiri. Meli ya Jumanne inashuka Mkoani, ya Alkhamisi inafika Wete. Mkoani ni siku mbili kabla, na kuna makuli na gari mpaka huko Mtambwe. Mwenye duka anataka kujua aandike bandari gani juu ya mapolo.

[07:10] Salim: Ile ya Bi Time weka usafiri. Na tende musinunue. Kuna mtu wetu anashuka Unguja mwisho wa mwezi, nitampa katoni mbili za khalasi. Zile za ofa munazoziona madukani geuzeni katoni chini musome tarehe, nyengine zimebaki tangu mwaka jana.

[07:12] Zuhura: Kumbe! Juzi nimeona zimepangwa mlangoni bei nusu. Ahsante Salim.

[07:48] Kombo: Mzigo ukishuka Mkoani kirikuu ninayo, nitaupokea na kuufikisha mlango kwa mlango. Mafuta ya gari nitapewa, au itakuwa yaleyale?

[07:49] Zuhura: Ni kiasi gani mpaka Mtambwe?

[08:30] Zuhura: Kombo, kiasi gani?

[09:02] Faki: Nimo, andika jina. Ila mimi mapembe siyawezi, niwekee wa Mbeya.

[09:03] Zuhura: Hakuna wa Mbeya. Ni polo moja, nyumba mbili. Wewe unagawana na nani?

[09:05] Faki: Na mwalimu.

[09:06] Hamad: Mimi na Faki polo moja hapana. Niwekeeni na Kombo.

[09:20] Mwanaisha: Duka la chini leo sukari haipo kabisa. Sukari fanyeni haraka, hata kama mchele utangoja.

[09:41] Zuhura: Jamani, Mkoani au Wete? Mwenye duka ananipigia.