Kreni imekufa katikati ya kumwaga zege la paili Uyole: paili ikubaliwe au ikataliwe?

Mjenzi_Nyanda: Wakuu, habari za kazi. Site iko Uyole, Mbeya, jengo la ghorofa. Paili (nguzo za zege za msingi zinazomwagwa ndani ya shimo ardhini) ni za kipenyo cha milimita 600, kina mita 18, maji yanaanza mita 5, shimo linashikiliwa na bentonaiti (tope la udongo linalozuia kuta kuporomoka). Paili moja, baada ya kyubiki (mita za ujazo) 2.5 za zege, hozi paipu ya winchi ya kreni ilipasuka, bomba la tremi (linaloshusha zege hadi chini ya shimo) likabaki ndani. Kazi ilisimama kwa muda wa karibu saa mbili, ekskaveta ikalivuta, umwagaji ukaendelea. Mhandisi mshauri anataka paili ikataliwe. Na zilizobaki zilindwe vipi?

Zege_Pevu: Mkuu, kabla ya kuhesabu muda mliosimama, uliza mdomo wa chini wa bomba ulikuwa wapi. Shimo la 600 linakula kyubiki 0.283 kila mita, kwa hiyo 2.5 ni kama mita 8.8. Kwenye majivu ya volkano na pumisi (mawe mepesi ya volkano) za huko kuta humeguka na shimo hupanuka, weka 8. Uso wa zege ulikuwa basi mita 10 hivi kutoka juu. Mdomo ukiwa umezama ndani ya zege mita 2 au zaidi na zege bado laini, endelea. Ukichomoka, hata ukirudishwa chini, umefungia matope katikati ya paili. Daftari linasemaje?

Mjenzi_Nyanda: Mdomo ulikuwa mita 14 kutoka juu kazi iliposimama. Ekskaveta ilivuta kwa mshtuko, hakuna aliyepima.

Zege_Pevu: Basi mlikuwa na mita 4 za kuchezea, na hakuna anayejua zilizobaki ni ngapi. Mshauri ana hoja.

Pima_Kwanza: Ana hoja ya kuitilia shaka, si ya kuikataa leo. Subirini siku 7, piga jaribio la nyundo: unagonga kichwa cha paili na kupima mwangwi unaorudi. Wimbi hukimbia takriban mita 4,000 kwa sekunde: mwangwi wa kitako huja milisekunde 9. Ukiona mwingine mkali kwenye 5, ndiyo ile mita 10. Jaribio hili halipimi unene wa tope, kwa hiyo likionyesha kasoro chukueni sampuli ya kuchoronga katikati hadi mita 12. Ikithibitika mbovu, mhandisi wa miundo aamue; mara nyingi ni paili mbili, moja kila upande, na kofia (zege linalounganisha vichwa vya paili) kupanuliwa. Zilizobaki, fungeni mabomba matatu ya chuma ya milimita 50 kwenye kikapu cha nondo kwa ajili ya kipimo cha mawimbi ya sauti. Baada ya zege kumwagwa hayawekeki tena.

Fundi_Hozi: Kwa upande wa mashine: bomba la milimita 200 urefu wa mita 18, likijaa zege, ni kama tani 2, bado msuguano. Wekeni tripodi na cheni bloku ya tani 5 mdomoni mwa shimo kabla ya gari la zege kufika, pamoja na bamba la kulishikilia bomba juu ya kesingi (bomba la chuma la mdomo wa shimo). Kreni ikifa, mnalitikisa sentimita 20 hadi 30 juu na chini lisishikwe, huku mkipima uso wa zege kwa kamba yenye uzito. Hozi za winchi zikatiwe akiba mapema, kwa urefu na nati zilezile. Zenye nyuzi za waya wazi zitolewe. Asubuhi za Juni na Julai mafuta ya haidroliki huwa mazito, injini ingurume dakika 15 kabla ya kubeba mzigo. Kabla ya kufungua nati, zima na utoe presha. Uvujaji utafute kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kiganja: mafuta ya presha hupenya ngozi.

Zege_Pevu: Na dereva wa gari la zege asiongeze maji wakati wa kusubiri. Dawa ya kuchelewesha zege kuganda, kwa kipimo cha mtengenezaji, iingie kiwandani.