Kuku wamehama banda, mimi nimegeuzwa mpanda miti

Wakuu, nina hasira na leo siifichi. Siku ya kumi na mbili hii, jua likizama napanda mti kuteremsha kuku mmoja mmoja kama nachuma matunda. Banda wanalo. Lina paa, lina mlango unaofunga vizuri, lina fito za kulalia. Hawalitaki. Wakifika mlangoni wanasimama, wananyoosha shingo, halafu hao, mtini. Nikiwaacha huko, kicheche anajichagulia. Keshabeba wawili.

Na hiyo ni kazi ya jioni tu. Kiangazi hiki mchana kutwa mimi na ndoo, ndoo na mimi. Kuku hatoki jasho, kwa hiyo jua likikolea wanaachama midomo, wanatanua mabawa, wanakunywa maji kupita kiasi, na yakishapata moto hawayagusi. Nabadilisha. Nikigeuka, mbuzi katumbukiza kwato kwenye ndoo yake mwenyewe. Mbuzi huyu anatafuna hata kamba ya kuanikia nguo, lakini maji yakiwa na unyasi mmoja anayanusa, kisha ananitazama kama nimemtukania mama. Namwaga, najaza tena. Mbwa naye kagundua kuwa tuta la mboga nililomwagilia lina ubaridi, kachimba shimo na kulala humo, juu ya miche. Nyuki wakahamia kwenye beseni la kuku kuchota maji ya kupozea mzinga, wakawa wanazama ovyo na kuku wanaogopa kuchovya mdomo. Hilo angalau nililiweza: beseni la pembeni, mawe ndani yatokeze juu ya maji, nyuki wanatua hapo. Ndio ushindi wangu pekee msimu huu, niacheni nijisifu.

Turudi bandani. Nilidhani ni nyoka. Nikafyeka nyasi zote kuzunguka banda, nikaziba matundu, nikapekua viota kwa fimbo huku moyo ukinienda mbio. Nyoka hayupo. Mayai yakapungua, nikasema joto. Tetea mmoja akang'ang'ania kuatamia kiota kitupu, upanga wake wa kichwani umepauka, nikasema kuatamia kumemchosha. Nyumbani wananicheka, eti kuku wamenichoka tu.

Juzi usiku nikaingia na tochi kumtoa yule tetea. Nikajishikiza kwenye ufito. Mara mkono wote unatambaliwa. Utitiri, wakuu! Nikapitisha kitambaa cheupe upande wa chini wa ufito, kikatoka na michirizi ya damu. Mchana huoni kitu, umejibanza kwenye nyufa. Usiku unatoka kunyonya, alfajiri unarudi kujificha. Yule tetea alikuwa ananyonywa pale pale alipokaa. Na wale wa mtini, ambao nimewatukana siku zote hizo, nikawarudisha kwa nguvu na kuwafungia mlango... basi tu.

Sasa hasira zangu zote ni kwa fundi aliyejenga banda hili. Fito kazipigilia na magome yake. Nilimuuliza siku ile ile, mbona hujabandua magome? Akanijibu, "Mzee, kuku anashika vizuri penye gome." Mzee nikanyamaza. Juu ya hapo ukuta kaupiga mbao mbilimbili, katikati kaacha uwazi wa kupitisha kucha. Hapo hajajenga banda la kuku, kaujengea utitiri nyumba na kuuwekea chakula ndani. Nimempigia simu, anasema wadudu hawakuwemo kwenye makubaliano!

Na nyie wa "mwagia majivu" msije na hilo tena. Nimemwaga. Kuku wanajigaragaza humo, sawa, kwa chawa wa mwilini yanasaidia, lakini huyu mdudu mchana hakai mwilini, anakaa kwenye nyufa za fito na mbao. Jana nimetoa matandiko yote, nimechoma fito, nimemimina maji yanayochemka kwenye kila ufa, nimepaka chokaa mpaka kope zikawa nyeupe. Wiki ijayo narudia yote, maana kwa joto hili yai linakuwa mdudu mzima ndani ya siku saba hivi, na mdudu huyo akikosa kuku anaweza kukaa miezi bila kula. Miezi! Mimi chakula cha mchana kikichelewa tu kichwa kinauma.

Fito mpya nimezibandua magome mwenyewe na kuzilaza juu ya vibao, ili niweze kuzitoa na kuzikagua. Aliyewahi kuwamaliza kabisa hawa wadudu aseme alirudia mara ngapi, na kama mbao zile mbilimbili zinazibika au nibomoe ukuta mzima. Jibuni taratibu, sitasoma sasa hivi. Jua linazama na kuku bado hawaiamini chokaa yangu, wako juu kabisa, na yule jogoo leo kapanda tawi ambalo halinibebi.