Miezi minne nimejenga gereza la jini, yule bwana ananiuliza CHOO KIKO WAPI!!!

FundiWaGiza (saa 5:48 usiku)

Nimeingia nyumbani sasa hivi kutoka barazani, kwenye mchezo wetu wa hadithi (mimi msimulizi nabuni ulimwengu, wenzangu wanaigiza wahusika waliomo, na dadu ndiyo inaamua nani kafaulu), viatu sijavua, mikono inatetemeka. Jina simtaji. Mnamjua. Mtu mzima na ndevu zake, kila Alhamisi anakuja amechelewa, mkononi hana hata korosho moja, na moja kwa moja anakwenda kukaa penye feni.

Miezi minne jamani! Karatasi saba za manila nimezichora kwa penseli, nikazibandika kwa gundi mpaka zikafunika mkeka mzima. Ulimwengu mzima umo ndani ya shanga moja ya kioo, iliyozama mkondoni kati yetu hapa Lamu na kisiwa cha Manda. Hauna mlango, hauna dirisha. Ukienda kaskazini hatua mia tatu unatokea kusini, pale pale ulipoanzia. Vyumba nimevipa upana wa boriti, kama nyumba zetu za mawe, ili mchezaji ahisi kubanwa bila kuambiwa. Ngomeni nimekwenda mara tatu kupima kwa miguu, maana ile ngome ilikuwa jela tangu 1910 mpaka 1984. Nikakaa uani nikatazama juu, nikaona kinachomliwaza mfungwa mle ni ile mbingu. Nikaiondoa. Gereza langu juu lina uso wa maji, na maji yenyewe hayana ng'ambo.

Na muhuri! Muhuri nimeuvunja vipande vitatu, nikawapa watu watatu huko nje wasiojuana. Mmoja kamvika mtoto wake shingoni akidhani ni hirizi. Kwa hiyo kwa ndani halifunguki, hata uwe na nguvu za tembo. Wachezaji ilikuwa wahangaike miezi miwili wakitafuta namna ya kupeleka habari nje.

Leo nimezima taa, nimewasha kandili. Nikasoma: "Mmeamka. Hakuna mlango. Hakuna nje. Nyuma ya ukuta kuna kitu kinapumua." Watu kimya. Wallahi hata punda wa jirani alinyamaza.

Na yeye, mahamri mdomoni: "Choo kiko wapi?"

CHOO. KIKO. WAPI.

Barazani pote kicheko. Mmoja alipaliwa na chai ya tangawizi mpaka akapigwa mgongoni. Nikajibu kwa adabu kwamba choo hakuna. Akasema, "Umesema tumelala humu miaka mia. Uchafu wetu umekwenda wapi? Una njia yake, nami naifuata." Akarusha dadu. Ile dadu ya pande ishirini ikagota kwenye kikombe, ikasimama kwenye 20. Ishirini, namba ya juu kuliko zote!!! Ikabidi nimpe njia yake. Kazi ya miezi minne imetoboka kwa dakika tatu, kwenye tundu la choo ambalo mimi SIKULICHORA!

Kisha kikombe chake cha kahawa akakiweka juu ya ramani. Juu ya shanga yenyewe. Duara lake hili hapa, nalitazama huku naandika. Kesho nikipita Langoni hata punda wataniuliza choo kiko wapi.

Mtu kama huyu afanyweje?

BintiShela
Pole sana kaka. Lakini choo kilikuwa wapi?

NahodhaMstaafu
Hilo ni swali la mtu mzima, mwanangu. Hata jahazi lina sanduku lake linaning'inia kule tezini, na baharini kote ni choo. Jela isiyo na choo sijapata kuisikia.

FundiWaGiza
Shikamoo mzee, lakini gereza lilijengewa JINI! Jini hali! Hanywi! Choo cha nini? Wale wengine wametupwa mle baadaye!

MwanaChuoni
Taratibu sheikh. Majini wanakula. Chakula chao mifupa, tumesomeshwa tangu wadogo, ndiyo maana tukakatazwa kustanji kwa mfupa. Sasa mwenye kula…

BintiShela
Uwiii! Gereza limevunjwa mara ya pili!

FundiWaGiza
Amewatuma? Mimi nazungumzia ADABU. Kandili inawaka, kitu kinapumua nyuma ya ukuta, wewe unaulizaje choo?

PundaWaMatondoni
Labda kinapumua vile kwa sababu na chenyewe kimebanwa.

JiraniWaFeni
Nilikuwepo. Kikombe kilikuwa pembeni mwa ramani, asitie chumvi. Na penye feni tunakaa kwa zamu. La kuulizwa hapa ni nani kala mahamri yangu manne. Nimenunua kwa pesa yangu, nimefunika kwa sahani, nimekwenda kuswali Isha, narudi nakuta sahani.

PundaWaMatondoni
Si ulisema tujisikie nyumbani?

KasaWaMalindi
Nyinyi wa Lamu mna raha. Sisi huku msimulizi wetu katufungia ndani ya nguzo ya Vasco da Gama. Jamani ile nguzo ni mawe matupu, haina ndani! Tumekaa wiki tatu tumo ndani ya jiwe, kila mtu akirusha dadu anaambiwa "huwezi kunyanyua mkono". Mimi mhusika wangu ni mcheza ngoma.

NahodhaMstaafu
Na choo?

KasaWaMalindi
Mzee, hata pa kuchuchumaa hapakuwa.

MwanaChuoni
Mumezoea. Mwaka 1498 sultani wenu kampa huyo Vasco rubani wa kumfikisha Uhindi, leo mnalia kufungwa ndani ya nguzo yake.

KasaWaMalindi
Wee! Wenzenu Mombasa walikosana naye, sisi tukamkirimu mgeni. Ukarimu nao ni kosa?

JiraniWaFeni
Ukarimu ni kumwachia mtu mahamri yake.

FundiWaGiza
Nimelipata. Sikilizeni. Atiwaye mle mwili wake unasimama saa ile ile alipotiwa. Kucha hazikui, njaa hakuna, kiu hakuna. Basi choo hakina haja, na ile 20 yake naifuta. Alhamisi tunaanza upya, wote mmo ndani.

BintiShela
Mwili umesimama, na kile kinapumuaje?

PundaWaMatondoni
Mwekeeni birika basi, apate hata kutawadha. Kama lile la nyumba ya bibi, lenye visamaki ndani.

BintiShela
Enhe, visamaki! Nani anavyo? Birika letu limejaa viluwiluwi, mbu usiku hatulali.

NahodhaMstaafu
Kwangu vipo tele. Ila chini ya birika utie bakuli la kaure, maji yakipungua wapate pa kukaa. Wengi husahau, wakaviua.

BintiShela
Nije lini baba?

NahodhaMstaafu
Kesho baada ya alfajiri. Njoo na kopo lenye mfuniko.

KasaWaMalindi
Na huku Malindi vinafika vizima kwa basi?

JiraniWaFeni
Manne. Ya iliki.