Kuvisha upya siti ya pikapu mwenyewe: naanzia wapi? (Mtwara)

Pikapu_Chikongola

Wakuu, habari za jioni. Nina Hilux ya zamani, kabini moja, siti ya benchi. Nipo Mtwara mjini ila gari linashinda njia ya Tandahimba na Newala. Msimu wa kupulizia mikorosho linabeba sulfa (dawa ya unga), msimu wa mavuno korosho, hapo katikati chochote chenye nauli. Kava imechanika upande wa dereva, sponji imekuwa unga, na kuna springi inanichoma paja kila nikikanyaga klachi. Fundi kanitajia hela ya kununua tairi mbili, na vifaa nilete mwenyewe.

Nyumbani kuna cherehani ya mke wangu, ile nyeusi ya kukanyaga. Nataka nivishe mwenyewe. Leza (ngozi ya bandia) au kitambaa? Cherehani ya kawaida itapita? Na sponji, nikikata godoro la zamani si litatosha?

Mdau_wa_Msimbati

Mkuu usijitese. Nunua kava za kuvalisha zilizo tayari, muda wa kunywa chai umemaliza.

Pikapu_Chikongola

Nilishavalisha. Kwenye benchi inatembea, ukipanda na kushuka mara mbili tatu imeshajikusanya mgongoni. Na springi bado iko chini yake inanisubiri.

Bi_Cherehani_Masasi

Kaka, mie ni fundi cherehani hapa Masasi, nashona sare za shule na madera. Siti za magari nilianzia kwenye pikapu ya mume wangu, baada ya mafundi wote kumkatalia mkopo.

Nianze na sponji maana ndiyo swali lako kubwa, ingawa umeliweka mwisho. Kava mpya juu ya sponji iliyokufa itachanika palepale ilipochanika ya kwanza. Dereva anapoingia anatelezea ukingo wa nje, ukingo ukiwa umebonyea leza inakunjika mahali pamoja kila siku hadi ipasuke. Godoro la zamani usitie. Lile ni la mtu aliyelala, uzito umesambaa. Kwenye siti uzito wote uko chini ya makalio, na barabara inakurusha. Tafuta sponji ngumu, au ile iliyogandamizwa kwa vipande vya rangirangi. Ibonyeze kwa dole gumba, irudi papo hapo. Wala si lazima ubadilishe yote. Kata iliyooza, kata kipande kipya kikubwa kidogo kuliko tundu, tumia kisu cha mkate chenye meno, mkasi unaifinya sponji na ukingo unatoka mshazari. Gundi ni hii ya mafundi viatu. Paka pande zote mbili, subiri hadi isinate kidoleni, ndipo ugusanishe, na ukishagusanisha hakuna kusogeza.

Kabla sponji haijarudi kwenye springi, weka gunia. Gunia la jute, haya haya ya korosho, kwako hayawezi kukosekana. Springi ikigusa sponji moja kwa moja inaitafuna, ndicho kilichokupata. Lifue, lianike, likunje mara mbili, lifungie kwenye springi kwa uzi wa nailoni. Kiroba cha plastiki usiweke, kinapiga kelele halafu kinapasuka.

Sasa kava. Usipime kwa futi kamba. Kava yako kuukuu ndiyo patani, hata kama imebaki matambara. Itoe nzima, ipige picha, kisha chukua chaki uandike kila kipande kwa nyuma: KATI, MBELE, PEMBENI KULIA, na mshale unaoelekea mbele ya gari. Halafu, kila baada ya kiganja kimoja, chora kistari kinachokatiza mshono, kiguse vipande vyote viwili. Hapo ndipo ufumue. Siku ya kushona unalinganisha kistari na kistari, maana leza haibembelezeki kama kitenge. Vipande vikipishana kidogo mwanzoni, ukifika kona unajikuta na ulimi umebaki. Tena upande wa dereva usiuamini, umeshavutika kwa kukaliwa. Kama benchi lako linafanana pande zote, chukua vipande vya upande wa abiria uvigeuze.

Cherehani yako itapita, tena hizo nyeusi za chuma zinapita kuliko hizi za umeme za plastiki. Sindano namba 18, uzi wa nailoni au poliesta (wa pamba unaoza kwa jasho), mshono mrefu, milimita 4 hivi. Mishono midogo inaitoboa leza kama stempu, siku moja inafunguka kwenye mstari huohuo. Ikinata chini ya mguu wa cherehani, weka karatasi nyembamba juu yake, shona, kisha chana karatasi. Pini usichome katikati ya kipande, tundu la leza halizibi. Na panapokutana tabaka nne, acha kukanyaga, zungusha gurudumu kwa mkono.

Leza au kitambaa? Kwa kazi yako, leza. Vumbi jekundu la huku likikutana na sulfa kwenye kitambaa halitoki, leza unapangusa tu. Ubaya wake utaujua saa saba mchana gari limesimama juani na wewe umevaa kaptula. Ya mume wangu nilichanganya, pa kukalia kitambaa kigumu cha makochi, pembeni na mbele leza. Sijui kama ningefanya hivyo kwa mbeba sulfa.

Pikapu_Chikongola

Dada, ubarikiwe. Nimechungulia chini ya benchi, kava imebanwa kwa vipete vya waya vingi tu, vingine vimekuwa kutu. Vinauzwa?

Fundi_Bodi_Mikindani

Hivyo vikate kwa plaizi, usihangaike kuvifungua. Kurudishia, tumia zip tai nyembamba, zinashika vizuri, mkia unaukata. Ila angalia: ndani ya pindo la kava kuna waya mrefu ambao vipete vilikuwa vinaushika. Huo usiutupe na matambara, unahamia kwenye kava mpya. Bila huo, zip tai itachana leza.

Mimi nakutahadharisha na kutu zaidi ya kushona. Magari ya pwani hapa yanaliwa na chumvi kimyakimya. Bolti za miguu ya siti, mara nyingi spana namba 14, ziloweke mafuta usiku kucha kabla hujazigusa. Nati zake zimechomelewa kwenye sakafu, ukikata bolti kwa papara unaanza kazi nyingine ya kutoboa na kuchomelea. Fremu isugue kwa brashi ya waya, paka redioksaidi (rangi ya kuzuia kutu), iache ikauke kabisa. Springi iliyokatika ichomelewe sasa hivi wakati siti iko uchi. Reli zitie girisi. Na ukirudisha, kaza bolti zote kwa nguvu inayotakiwa. Breki za ghafla siti ikichomoka hata mkanda haukusaidii.

Mdau_wa_Msimbati

Na sisi wenye dabo kabini za kisasa, tunafuata hivyohivyo?

Fundi_Bodi_Mikindani

Kwanza tazama ubavu wa egemeo la siti ya mbele. Ukiona kibandiko cha eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali), egemeo hilo usilivishe mwenyewe. Mfuko unatokea kwa kupasua mshono uliowekwa maalumu, ukiuzibia kwa leza ngumu na uzi wa nailoni siku ya ajali unachelewa au hautoki. Na plagi za njano chini ya siti usizichomoe kabla ya kufungua betri na kusubiri dakika kadhaa. Pa kukalia unaweza, ukichunga nyaya.

Bi_Cherehani_Masasi

Hapo fundi kasema, mie hizo zenye eabegi sizipokei.

Kaka wa Chikongola, siku ya kuvalisha ianike leza juani hadi iwe laini, juani hapo kwenu hakuna foleni. Geuza kava nje ndani, ikalishe katikati ya sponji, ivute kama unavyovuta soksi. Bana katikati mbele, kisha katikati nyuma, kisha pembeni, kona ziwe za mwisho. Mikunjo midogo itakayobaki usiililie, ikikaliwa na jua likiipiga mingi inajinyoosha.

Mdau_wa_Msimbati

Bi, basi ya kwangu ya nyuma nikuletee.

Bi_Cherehani_Masasi

Lete siti tu, ipakie kwenye basi la Masasi, gari libaki huko. Ila Desemba na Januari hapana, nina sare.