Tupeane uzoefu: neno la Kiingereza lililokuponza kwa herufi moja

Wakuu, salaam. Nina duka la steshenari. Siku ya kuandikisha kibao nilimpa fundi karatasi yenye jina la duka, akachora STATIONARY kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama kiganja. Wiki ya pili mwalimu mmoja mstaafu aliingia kununua bahasha, akanivuta kando: "Mwanangu, hapo nje umeandika 'kisichosogea'." Karatasi na kalamu ni stationery, kwa E. Kosa lilikuwa langu, fundi alinakili tu.

Mzee akanieleza kwamba maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja, yametoka kwenye stare ya Kilatini, kusimama. Zamani huko Ulaya wauzaji wengi walikuwa wachuuzi wa kuzunguka. Mwenye kibanda cha kudumu, hasa muuza vitabu jirani na chuo kikuu, aliitwa stationarius, na bidhaa zake zikarithi jina hilo. Tangu siku ile sijakosea tena, kwa sababu nilipewa asili ya neno badala ya kukaririshwa. Wewe lilikuponza lipi?

*Fundi samani:*
Kopo la thina lilikuwa na neno inflammable. Shuleni tuliambiwa in- inakanusha, kama invisible, kisichoonekana. Nikajua hiki hakishiki moto, nikaliweka hatua mbili tu kutoka jiko la mkaa tunalopashia gundi. Bosi alilinyakua mbio. In- ya hapa haikanushi kitu, neno limetoka inflammare, kuwasha. Inflammable na flammable ni kitu kilekile: kinawaka upesi! Marekani, tangu miaka ya 1920, wataalamu wa kinga ya moto walihimiza litumike flammable ili watu wasipotoke. Mlio na vijana karakanani, wasomesheni kopo lenyewe, tafadhali.

*Karani:*
Mimi ni prescribed na proscribed. Niliandika tangazo kwamba maombi yaje kwa "proscribed form", yaani fomu iliyopigwa marufuku. Zote zina scribere, kuandika. Prae ni kabla, ndiyo maana prescribe ni kuagiza, kama daktari na dawa. Pro ni kuweka hadharani. Mwaka 82 KK Sulla, jenerali wa Kirumi aliyetwaa madaraka, alibandika Roma majina ya maadui zake: aliyeorodheshwa aliuawa na mali yake ikachukuliwa. Silabi moja tu, kama yetu funga na fungua.

*Mdau mwingine:*
Principal na principle. Kwenye mkataba wa mkopo principal ni fedha uliyokopa yenyewe, bila riba. Principle ni kanuni. Zote zimeanzia kwa princeps, wa kwanza.

*Mwenye mada:*
Fundi, asante sana. Nimepita rafu zote leo. Makopo mawili ya gundi yameandikwa inflammable, nami nilikuwa nimeyapanga dirishani panapopiga jua la mchana. Nimeyahamisha.