Shoo za sebuleni Nairobi: tupeane uzoefu

Kayamba wa Eastlands
Wadau, juzi jioni nilikuwa napita Buruburu nikasikia gitaa linatoka kwa nyumba ya mtu, nikadhani ni redio, kumbe ni mtu anaimba bila maiki na waliomo ndani wanamuitikia. Nilisimama pale getini mpaka soja akaniuliza natafuta nani. Sasa naomba wale mmewahi kupigia watu nyumbani, au mlifungua mlango wenu mkakaribisha msanii asiye na lebo wala meneja, mtuambie ilikuwaje. Watu walikaa wapi, pesa iligawanywa vipi, majirani walisemaje. Za hoteli na za harusi wekeni kando, nataka za mkeka na viti vya kukodisha.

Gitaa Rongai
Mkuu umenigusa. Kati ya baa na sebule mimi nachagua sebule bila kufikiria. Baa unapiga watu wakiangalia mpira, ukianza wimbo wako mtu anapaza sauti anataka zilipendwa, halafu malipo unaambiwa ngoja kwanza tuone mauzo. Sebuleni mtu amekaa karibu mpaka anasikia kucha ikikwaruza uzi, na akinyamaza amenyamaza kweli. Kwangu mimi hii kitu ilikolea kwa sababu ya kafyu. Machi 2020 tulipoambiwa saa moja jioni kila mtu awe ndani, kazi za baa zote zikafa, nikabaki na gitaa na kodi ya nyumba, nikaanza kupiga laivu kwa simu nikiwa kitandani, watu wananitumia M-Pesa soo mbili, soo tatu. Kafyu ilipoondolewa Oktoba 2021 walewale wakaniambia basi njoo upige kwangu. Hadi leo hao ndio wananilisha.

Sauti ya Kayole
Kweli kabisa. Kava, kuimba nyimbo za wengine kila siku, zilikuwa zinaniua roho.

Mama Lang'ata
Mimi ni wa upande wa kufungua mlango. Wanangu, zimeni friji. Itanguruma katikati ya wimbo wa polepole na hautasikia kitu kingine. Funguo za gari weka humohumo ndani ya friji, hautaondoka bila kukumbuka kuiwasha, nyama yako itapona. Pili, chai ya tangawizi na mahamri itoke kabla ya muziki, si katikati, vikombe vina kelele. Tatu, hesabu choo kabla ya kuhesabu viti.

Bob 500
Pesa chukueni kabla. Ukisema ni mchango watu watakula mahamri ya mama hapo juu na kutoka na shukrani tupu.

Gitaa Rongai
Si kweli. Kikapu cha mwisho kimenipa zaidi ya kiingilio mara nyingi. Mtu akiguswa anatoa elfu.

Bob 500
Na asipoguswa wewe unarudi Rongai kwa miguu? Matatu usiku inapandisha nauli, dereva hataki kujua nani ameguswa.

Kijana wa Kilimani
Nyinyi mnaongea kama ni kitu kigeni. Sofar Sounds walianza hivi London mwaka 2009, watu wachache, simu mfukoni, mahali unaambiwa siku zikikaribia, na hapa Nairobi zimefanyika pia. Fuateni huo mpango tu.

Mzee wa Kaloleni
Kijana, watu wamepigiwa muziki nyumbani kwao kabla London haijafikiria. Mpiga nyatiti alikuwa anaitwa bomani, anaketi, anasifu mwenye boma, anatunzwa hapohapo.

Binti wa Nyatiti
Nilikuwa nasoma tu kimya lakini mmenirudisha Zimmerman. Ilikuwa Jumamosi, ghorofa ya nne, kwa dada mmoja ambaye alikuwa amesukuma sofa zote ukutani na kutandika mikeka. Mimi napiga nyatiti. Kwa wasioijua, ina nyuzi nane, unakaa chini kabisa, na kwenye kidole gumba cha mguu unavaa pete ya chuma, hiyo pete ndiyo inagonga mbao na kushika mapigo. Mguuni pia unafunga gara, zile njuga. Sasa ala imeegemea sakafu, sakafu ni taili, kila nikigonga ule mlio unashuka na zege mpaka kwa jirani. Humo ndani ilikuwa tamu, watu makofi, mama mmoja amevua viatu anachezesha mabega. Mlango ukagongwa. Mwenye nyumba akafungua akijua ni keateka. Alikuwa kijana tu, amevaa kandambili mguu mmoja, hana hata hasira. Akasema, "Dada samahani, tunaomba mpunguze. Baba ametuacha, tumepigiwa simu saa hii kutoka hospitali." Ni nyumba iliyo chini yetu. Yaani sisi tukipiga makofi huku juu wao walikuwa wanapiga nduru na hatukuwasikia.

Nikaanza kufungua gara, mikono inatetemeka mpaka fundo linakataa. Yule kijana akaangalia ala, hakusema kitu, akashuka. Tunakunja mikeka akarudi na mzee, kaka ya marehemu. Mzee akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Ugenya. Akaniuliza kama najua kulilia mtu. Wenye asili ya huko mnaelewa, nyatiti na matanga ni vitu vya siku zote, mpigaji ndiye anamsifu marehemu na kutaja watu wake. Nikasema najua, nilifundishwa na babu. Nikashuka na ala begani.

Sebule ya chini ilikuwa sawasawa na ya juu, dirisha lilelile, kona ileile, ila TV ilikuwa inawaka bila sauti na hakuna mtu alikuwa na nguvu ya kuizima. Mzee akanipa jina la marehemu, jina la baba yake, kijiji, na shule aliyokuwa anafundisha. Niliimba hayo tu. Nilipotaja shule mjane akainua kichwa akasema, "Na kwaya pia. Sema na kwaya." Nikasema na kwaya. Nilipiga bila gara. Wageni wetu wengi walishuka, wengine wakaketi kwenye ngazi kwa sababu hapakuwa na nafasi, na pesa yote ya mlangoni tukampa mjane.

Jirani Donholm
Nimeacha sukuma wiki kwenye ubao. Pole kwa familia hiyo.

Sauti ya Kayole
"Sema na kwaya." Nimelia kazini.

Mzee wa Kaloleni
Binti, ulifanya jambo kubwa. Lakini sisi tulilelewa tukiambiwa mwanamke hashiki nyatiti, sembuse matangani.

Binti wa Nyatiti
Baba, nakuheshimu. Aliyeniita ni mzee wa nyumba yenyewe, aliniona nimevaa leso na pete mguuni, akaniambia shuka.

Kijana wa Kilimani
Na Anyango je? Ametoka Japani akaja kujifunzia Siaya, anapiga nyatiti mpaka kwao huko. Mgeni apewe, wa kwetu anyimwe?

Mzee wa Kaloleni
Sijasema anyimwe. Nimesema tulivyoambiwa. Na kama mzee mwenzangu alimwita, neno lake limeshapita langu.

Bob 500
Nauliza kwa heshima, wale waliolipa kusikia shoo waliulizwa kabla pesa yao haijapewa mjane? Na binti mwenyewe alikula nini wiki hiyo? Tunasema wasanii walipwe halafu kila mara msanii ndiye anatoa.

Jirani Donholm
Bob, kuna siku za kuhesabu na kuna siku za kunyamaza.

Bob 500
Mpaka kodi yake ifike, hapo ndio mtakumbuka kuhesabu.

Binti wa Nyatiti
Hajaniudhi, swali ni la haki. Hakuna aliyedai pesa yake. Mwenye nyumba alinipa nauli na unga, na mmoja wa wale wageni alinialika kwake Kasarani mwezi uliofuata kwa malipo kamili.

Pipeline Finest
Kuna video jamani? Tupieni hapa.

Mama Lang'ata
Video ya kilio cha watu? Mwanangu, hapana.

Binti wa Nyatiti
Kuna mmoja aliinua simu pale ngazini, dada mwenye nyumba akaishusha kwa mkono wake mwenyewe. Haipo.

Fundi wa Spika South B
Nirudi kwa sakafu maana hapo ndipo nyumba nyingi zinaharibu. Kwa nyatiti, au mtu yeyote anayegonga mguu, weka godoro la inchi nne chini ya ala, mlio hautashuka.

Binti wa Nyatiti
Godoro linaua kila kitu, ala inayumba na mguu haupati jibu. Weka mkeka, juu yake magunia mawili, halafu ubao. Na uende kwa jirani wa chini mwenyewe siku moja kabla, ubishe hodi, umwambie kutakuwa na nini.

Gitaa Rongai
Mimi jirani wa chini namwalika bure. Akiwa ndani hawezi kugonga mlango.

Kanuni za Ploti
Mjue pia sheria. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinasema mitaa ya makazi, nje ya nyumba, ni desibeli 50 mchana, ikipita saa mbili usiku zinashuka mpaka 35. Maongezi ya kawaida tu ya watu wawili yanazidi hapo, sasa nyatiti na makofi je. Anzeni saa kumi alasiri, saa mbili kasorobo watu wawe wanavaa viatu.

Sauti ya Kayole
Saa kumi Kayole? Watoto wako nje, mwenye genge ana spika, kanisa lina keyboard. Usiku ndio kunatulia.

Kanuni za Ploti
Usiku ndio polisi pia wanatulia mlangoni kwako.

Kayamba wa Eastlands
Mimi nimeamua, nafungua mlango wangu Umoja Jumapili ya mwisho wa mwezi, ghorofa ya kwanza, chini yangu ni duka la mbao na Jumapili linafungwa. Choo ni kimoja. Nani anapiga?

Orutu Dandora
Mimi hapa na orutu yangu. Uzi mmoja na upinde wake, sigongi sakafu ya mtu. Ila pesa ikusanywe kabla, nakubaliana na Bob.

Bob 500
Hatimaye. Mimi nakaa mlangoni na simu, bila malipo.