Kitabu cha Kifaransa kiko ukurasa wa 14 tangu Januari

Kutoka: kijana wa vipuri, Kamalondo

Habari za Lubumbashi, ndugu zangu, na shikamoo kwa wakubwa.

Nauliza bila aibu. Nilijiandikisha Kifaransa cha jioni, nia ikiwa mtihani wa DELF, ule wa cheti cha Kifaransa, ngazi ya B1, yaani ya kati. Ada nimelipa. Mwezi wa kwanza nilikuwa nafika kabla ya mwalimu. Sasa nikishafunga duka, miguu inashika njia ya nyumbani yenyewe. Umeme ukikatika nafurahi, nimepata kisingizio. Na wateja wananicheka: huku "masomo" ndiyo shule, nikisema naenda masomo wanauliza niko darasa la ngapi.

Mnaofanya kazi huku mnasoma, hamu mnaitoa wapi?

Kutoka: dada wa vitenge, Kenya (mtaa, siyo nchi)

Marahaba, mdogo wangu. Huna uvivu. Kinachokuponza ni Kiswahili. Hapa unanunua unga, unapanda teksi, unagombana na mwenye nyumba, yote kwa lugha ya mama yako. Mwenzetu aliyehamia Kinshasa hana raha hiyo, ingawa nahisi yeye atajua Kilingala kabla ya Kifaransa.

Mimi nilikaa miaka minne nikidhani Kifaransa ni cha watu wa ofisini. Siku moja ikaja barua, karatasi moja tu. Nikaiweka chini ya kikokotoo nikisubiri jirani anisomee. Alipokuja, délai, yaani muda niliopewa, ilishapita jana yake. Nikalipa faini. Lakini kilichoniuma ni lile neno. Kila siku wateja wa mkopo wananiambia, "Mama, unipe délai kidogo." Nalijua! Nilikuwa sijawahi kuliona limeandikwa.

Tangu hapo nina daftari kaunta. Mteja akichomeka neno la Kifaransa kwenye Kiswahili chake, naliandika ninavyolisikia, halafu nyumbani natafuta tahajia yake. Mengine yanakuja kwa ugomvi. Mama mmoja aliniambia "septante", nikakodoa macho, maana kitabu changu kimechapwa Ufaransa na humo 70 ni "soixante-dix". Huku wanahesabu kama Wabelgiji: septante 70, nonante 90. Lile sitalisahau hadi naingia kaburini.

Jioni usipite nyumbani kwanza. Ukikaa kwenye kochi umekwisha.

Na mtihani usiuchezee. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika, kuzungumza. Kila moja alama 25. Unahitaji 50 kwa jumla, lakini ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote umeanguka, hata kama mdomo wako ni wa dhahabu. Sisi wa dukani kuandika ndiko kunakotuangusha. Kila Ijumaa nilikuwa namwandikia mwenye nyumba barua ya kulalamikia maji, ya mazoezi tu. Ya saba ilinoga, nikampelekea.

Kutoka: mzee wa malori

Dada, daftari lilinishinda wiki moja. Mimi nilitafuta mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, aje yadi kila Jumamosi saa mbili asubuhi, namlipa papo hapo. Hamu sina hata leo. Ila kijana wa watu ameshapanda teksi kutoka huko, utamrudisha kwa uso gani?

Kutoka: kijana wa vipuri, Kamalondo

Asanteni sana. Mzee, huyo mwanafunzi ana nafasi Jumapili?

Dada, nimeanza daftari. Leo nina maneno matatu: délai, reçu (risiti), garantie. Hilo la tatu nalisikia kila siku, mteja akinunua betri lazima aulize ina garantie ya miezi mingapi. Nikakumbuka kuliona mahali. Nimetoa mkataba wangu wa nyumba chini ya godoro na kuusoma kwa mara ya kwanza tangu niusaini. Kumbe huko garantie ndiyo ile pesa niliyotanguliza siku ya kuingia. Kesho nitakupigia simu. Kuna mstari wa sita sijauelewa, au nimeuelewa na sitaki.